Freud na watoto wa mkono mmoja

Kila nivukapo mpaka na mabelo yangu ya vitenge, ipo dakika moja nisiyoipenda. Ni ile ya kuambiwa niweke kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkono wangu wa kulia umejikunja ngumi tangu utotoni, na kidole gumba kimejificha ndani yake. Inabidi nikunjue kidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto huku foleni nyuma yangu ikiguna. Maofisa wanaonifahamu hunisubiri. Wageni hudhani nimeficha noti.

Mguu wa upande huo nao ni mzito, lakini mguu huvumilika. Nautupa nje kidogo ninapotembea, basi unafuata. Mkono ndio wenye maneno. Nilizaliwa mwaka 1976 katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, nikarudi nyumbani Burundi mwaka 2008 pamoja na mama yangu, na kwa miaka yote hiyo nimekuta watu wana majibu matatu tu kuhusu mkono huu. Wa kwanza husema nimerogwa. Wa pili husema ni mapenzi ya Mungu, na hao sina ugomvi nao. Wa tatu husema ni kosa la mama: kwamba uchungu ulichukua siku mbili, kwamba aliogopa kusukuma, kwamba mtoto alibanwa kichwa hadi nusu ya mwili ikafa.

Jibu hilo la tatu ndilo lililohamia nyumbani kwetu. Lilisemwa mara ya kwanza nilipokuwa na miezi minane hivi, jirani mmoja alipogundua kwamba kila kitu nakichukua kwa kushoto na kulia kumefumbwa. Mama hakumjibu yule jirani. Alilichukua neno lile akaenda nalo, kambini, njiani na kijijini, miaka zaidi ya thelathini.

Mwaka 2011 nilianguka kifafa sokoni, mara moja tu, watu wakanikimbiza hospitali. Daktari aliagiza nipigwe picha ya kichwa. Upande wa kushoto wa ubongo wangu palionekana pengo jeusi, kama shimo kwenye papai. Alinieleza kwamba lile ni kovu la zamani sana, na kwamba huenda mshipa wa damu uliziba kabla sijazaliwa au katika siku zile zile za kuzaliwa. Nikamuuliza kuhusu kusukuma na kuogopa. Akacheka kidogo, akasema kwamba kabla ya mwaka 1900 alikuwepo daktari aliyeandika kuwa uzazi mgumu huenda ukawa dalili ya tatizo lililokwisha kuanza tumboni, wala si chanzo chake. Jina lake Sigmund Freud.

Nilidhani ananitania. Freud nilimjua kama sote tunavyomjua, kwa kusikia: mzee wa ndevu nyeupe na sigara, mtu wa ndoto, mtu wa kuwalaza wagonjwa kwenye kochi wakaeleza mambo ya utotoni. Sikujua kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mtaalamu wa watoto wa aina yangu, tena aliyetambuliwa kuwa bingwa. Tangu siku ile nimesoma habari zake kila nilipopata kitabu. Mimi si daktari, msomaji, ni muuza vitenge. Lakini leo naomba nikusimulie maisha ya mtu huyu kwa upande usiosimuliwa sana.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 katika mji mdogo wa Freiberg, huko Moravia, ambako siku hizo kulikuwa chini ya himaya ya Austria. Leo mji huo unaitwa Příbor na uko katika Jamhuri ya Czech. Baba yake, Jakob, alikuwa mfanyabiashara wa sufu na nguo. Hapo nilitabasamu. Jakob alitoka mkoa mwingine wa himaya hiyo, Galicia, akisafiri na bidhaa huku na huko, na kwa kuwa alikuwa Myahudi ilimbidi kuomba kibali ili aruhusiwe kukaa na kufanya biashara Freiberg. Vibali vyenye muda, mihuri, kuombwa uonyeshe karatasi: wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa.

Biashara ya Jakob haikusimama. Mwaka 1859 familia ilihamia Leipzig, na mwaka 1860 ikafika Vienna, mji mkuu wa himaya. Kaka zake wakubwa wa mama mwingine walikwenda mbali zaidi, Manchester, Uingereza, wakafanya biashara huko. Kwa hiyo Sigmund alikulia Vienna akiwa mtoto wa watu waliohama, kijana wa kwanza wa mama yake Amalia, na nyumba nzima ilimtazamia asome.

Alisoma kweli. Aliingia Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1873, akachukua muda mrefu kuliko wenzake kwa sababu hakupenda wagonjwa bali darubini. Mwaka 1876 alitumwa Trieste, mji wa pwani, akapasua mikunga wapatao 400 akitafuta korodani zao, jambo lililokuwa limewashinda wataalamu tangu zamani. Nasema mkunga wa baharini, si yule wa kuzalisha. Baada ya hapo alikaa miaka sita katika maabara ya Profesa Ernst Brücke akichunguza mishipa ya fahamu ya samaki na kamba. Alipata udaktari mwaka 1881. Angeachwa, pengine angebaki maabara maisha yake yote.

Mambo mawili yalimtoa huko: umaskini na mapenzi. Mwaka 1882 alichumbiana na Martha Bernays, na Brücke mwenyewe akamshauri kwamba kwa hali ya mfuko wake, maabara haitamlisha mke. Freud akaenda kufanya kazi Hospitali Kuu ya Vienna. Huko alipita kwa Theodor Meynert, bingwa wa ubongo, akajifunza kutazama mgonjwa aliye hai kisha kukisia ni sehemu gani ya ubongo iliyoharibika. Katika miaka hiyo hiyo alifanya kosa lake kubwa la ujana: mwaka 1884 aliandika akiisifu kokeini kama dawa, akampa rafiki yake aliyekuwa mtumwa wa mofini, na rafiki huyo akaharibika zaidi. Simfichi. Mtu mkubwa huwa na makosa makubwa.

Mwishoni mwa 1885 alipata fedha za kwenda Paris, kwa Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière, akabaki huko hadi Februari 1886. Charcot alikuwa akiwaonyesha watu waliopooza mkono au mguu bila ubongo wala mishipa yao kuwa na kidonda chochote. Akirudi, Freud alipita Berlin majuma machache kujifunza magonjwa ya watoto kwa Adolf Baginsky. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa ameahidiwa kazi Vienna, na kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Palikuwa na taasisi ya umma ya watoto wagonjwa, ikiongozwa na Max Kassowitz. Haikuwa hospitali ya kulaza. Akina mama maskini walileta watoto wao, wakaonwa, wakarudi nao nyumbani. Freud alipewa idara ya mishipa ya fahamu. Alioa Septemba 1886, akafungua chumba chake cha kutibia mwaka huo huo ili apate riziki, na mara kadhaa kwa wiki alikwenda kwa Kassowitz kuwaona watoto bila mshahara. Aliendelea hivyo miaka kama kumi.

Jiulize ni nani waliokuwa wakipita mlangoni kwake. Walikuwa watoto wa degedege, watoto wa homa iliyopanda kichwani, watoto waliochelewa kukaa na kutembea. Wengi wao walikuwa na mkono mmoja uliokunjwa kifuani na mguu mmoja unaokanyaga kwa ncha ya vidole. Yaani mimi, miaka tisini kabla yangu, na mama yangu amenibeba.

Hapa naomba nisimame kidogo nieleze jinsi jambo lenyewe lilivyo, maana bila hilo sifa za Freud hazieleweki. Ubongo una nusu mbili. Nyuzi zinazobeba amri za mwendo hushuka kutoka kila nusu, na mahali ubongo unapokutana na shingo sehemu kubwa ya nyuzi hizo huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo nusu ya kushoto huendesha mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huendesha wa kushoto. Kidonda kikitokea upande mmoja tu wa ubongo, mwili hulemaa upande wa pili. Mkono huathirika zaidi kuliko mguu, kwa kuwa kazi ndogo ndogo za vidole hutegemea sana nyuzi hizo.

Mtu mzima akipatwa na kiharusi, mkono huanguka siku ile ile na kila mtu anaona. Mtoto mchanga sivyo. Mwendo wa mtoto mchanga bado hautegemei sana nyuzi zile ndefu, ambazo zingali zinakomaa. Kidonda kinaweza kuwapo tangu tumboni na mtoto akazaliwa akiwa mzima machoni pa watu, analia, ananyonya, anarusha miguu. Dalili huja baada ya miezi, anapoanza kunyoosha mkono achukue kitu. Ngumi moja inabaki imefumbwa. Mtoto anakuwa mtu wa mkono mmoja kabla hajatimiza mwaka, na wazazi hufurahi wakidhani wamezaa mtoto wa mashoto. Mtoto wa umri huo kwa kawaida bado hajachagua mkono. Akichagua mapema hivyo, apelekwe akaonwe.

Kwa sababu dalili hukawia, watu hutafuta nyuma ni kitu gani kilichotokea, na kitu kinachokumbukwa na kila mtu ni siku ya kuzaa. Hakuna anayekumbuka jioni moja ya mwezi wa saba wa mimba, kwa kuwa hakuna aliyeona kitu jioni hiyo.

Si wanakijiji tu waliofikiri hivyo. Mwaka 1861 daktari wa London, William John Little, aliyekuwa mwenyewe na ulemavu wa mguu tangu utotoni, alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi akaeleza kwamba ukakamavu wa viungo vya watoto hutokana na uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati, na kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Ilikuwa kazi kubwa, maana kabla yake watoto hao hawakuhesabiwa na mtu. Ugonjwa ule uliitwa kwa jina lake miaka mingi. Mwaka 1889 William Osler, akifanya kazi Philadelphia, Marekani, alichapisha kitabu chenye habari za wagonjwa 151, na 120 kati yao walikuwa wamepooza upande mmoja. Ujerumani naye Adolf Strümpell alikuwa amedai kwamba kupooza huko kwa watoto kunaletwa na uvimbe wa ghafla wa ubongo, kama polio inavyofanya kwenye uti wa mgongo. Kila mkubwa alikuwa na chanzo chake.

Freud aliingia katika mjadala huo polepole. Mwaka 1888 aliandika kuhusu watoto wawili waliopooza upande mmoja ambao pia walikuwa hawaoni nusu ya mbele yao, upande ule ule wa mkono mbovu. Jambo hilo ni rahisi kulikosa, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kusema kwamba haoni nusu. Mimi mwenyewe nimegonga milango kwa bega la kulia maisha yangu yote, na nilidhani ni haraka zangu.

Kisha mwaka 1891 yeye na rafiki yake Oskar Rie, daktari wa watoto aliyekuwa pia daktari wa familia yake na mwenzake wa kucheza karata, walitoa kitabu kizima kuhusu kupooza kwa watoto upande mmoja kunakotokana na ubongo. Walieleza watoto 35 waliowaona wenyewe, mmoja mmoja: alianza lini, aliumwa nini, mkono ukoje, mguu ukoje, anasema au hasemi, ana kifafa au hana. Hawakukubali kwamba wote hao waliugua ugonjwa wa aina moja. Walionyesha kwamba kovu la ubongo linalobaki ni mwisho wa safari, na safari tofauti zinaweza kuishia mahali pamoja: mshipa ulioziba, damu iliyovuja, homa kali, au kitu kilichotokea kabla ya kuzaliwa. Freud aliandika pia kwamba kifafa kinaweza kutokana na kidonda cha namna hiyo hata pale ambapo hakuna kiungo kilichopooza.

Mwaka 1893 alitoa kazi nyingine kuhusu watoto waliolemaa pande zote mbili. Mwaka 1897 akamaliza kitabu kikubwa kupita vyote, chenye kurasa zaidi ya 300, kilichokuwa sehemu ya mkusanyo mkubwa wa vitabu vya udaktari uliosimamiwa na Hermann Nothnagel. Humo ndimo aliwapanga watoto katika makundi matatu kufuata wakati: walioumia kabla ya kuzaliwa, walioumia wakati wa kuzaliwa, na walioumia baadaye. Na ndimo alimogeuza hoja ya Little. Hakukataa kwamba uzazi mgumu unaweza kumdhuru mtoto. Alichosema ni kwamba wako watoto wengi wanaozaliwa kwa shida na kukua wazima, na wako wanaozaliwa kwa urahisi na kulemaa, basi huenda katika baadhi yao ni mtoto aliyekwisha pata hitilafu tumboni ndiye anayezaliwa kwa shida.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Wenzake hawakumsikiliza sana katika hoja hiyo. Maelezo ya Little yalikuwa rahisi, na kwa miaka karibu mia moja madaktari na mahakama za nchi tajiri waliendelea kumtazama mkunga na mama. Ilikuja kupimwa sawasawa Marekani, ambako mimba zaidi ya 50,000 zilifuatiliwa kuanzia mwaka 1959 hadi 1966 na watoto wakatazamwa walipokua. Karin Nelson na Jonas Ellenberg walipochapisha hesabu zao mwaka 1986, ilionekana kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kunaeleza sehemu ndogo tu ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Tena kukosa hewa kwa kawaida huumiza ubongo wote na kulemaza pande mbili. Kupooza upande mmoja tu, kama mimi, ndiko kunakoelekea kwa nadra zaidi kwenye chanzo hicho.

Mashine za kupiga picha za ubongo zilimaliza sehemu kubwa ya ubishi. Leo inajulikana kwamba wengi wa watoto hawa walipatwa na kiharusi tumboni au karibu na siku ya kuzaliwa, mara nyingi katika mshipa mkubwa wa upande wa kushoto, au walivuja damu katikati ya ubongo wiki nyingi kabla ya wakati wa kuzaliwa. Kwetu huku lazima niongeze malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na ugonjwa wa selimundu, ambao huziba mishipa ya ubongo wa mtoto aliyekuwa akikimbia jana. Na mtu asinisome vibaya: uzazi wa siku mbili bila msaada unaua na unalemaza, mjamzito awahishwe kituoni. Mama yangu hakuwa na kituo cha kuwahishwa.

Jambo ambalo Freud asingeweza kuliona kwa darubini yake ni jinsi ubongo mchanga unavyojipanga upya. Mtu mzima akiumia kushoto mara nyingi hupoteza maneno. Mimi pengo langu liko kushoto, na nabishana bei kwa lugha nne, kwa sababu upande wa kulia ulichukua kazi ya kusema mapema. Hata mkono hubakiziwa kitu: mtoto huzaliwa na nyuzi nyingine zisizovuka, za kutoka upande mzima kwenda mkono wa upande huo huo, ambazo kwa kawaida hupungua. Kidonda kikitokea mapema, huweza kubaki zikauendesha mkono mbovu, ingawa si kwa ustadi ule. Ndiyo maana baadhi yetu tukikunja ngumi ya kushoto, ya kulia nayo hukunja.

Siku hizi wataalamu wa mazoezi humvika mtoto glavu au kumfunga mkono mzima kwa saa kadhaa za siku, majuma kadhaa, acheze kwa mkono mzito peke yake, na imeonekana kusaidia. Mama yangu alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kitenge kila wakati wa chakula. Hakujua habari za tiba. Aliona haya wageni wanione nikila kwa kushoto. Nililia, chakula kilimwagika, na baada ya miezi akaacha. Siwezi kusema kingetokea nini kama asingeacha, na yeye sijamwuliza.

Turudi Vienna. Ajabu ni kwamba Freud alipokuwa akiandika kile kitabu kikubwa cha 1897 alikuwa amekwisha kukichoka. Katika barua kwa rafiki yake Wilhelm Fliess alilalamika kwamba kazi ile inamchosha na kumzuia. Moyo wake ulikuwa umehamia kwa wale wagonjwa wa Charcot. Mwaka 1893 alikuwa amechapisha kwa Kifaransa makala iliyolinganisha aina mbili za kupooza. Mwenye kidonda cha ubongo, alieleza, hupooza kwa kufuata ramani ya mishipa. Mwenye kupooza kunakotokana na nafsi hupooza kwa kufuata ramani ya watu wa kawaida: mkono unakufa pale mkono wa shati unapoanzia, kana kwamba mishipa ya fahamu haipo. Asingeona tofauti hiyo kama asingekuwa amewapima watoto wa Kassowitz kwa miaka. Kwa hiyo nadhani wanaosema Freud aliacha ubongo akaenda kwenye ndoto wanakosea njia. Alipita kupitia kwetu.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Mwaka 1895 alitoa na Josef Breuer kitabu cha wagonjwa wa histeria. Mwishoni mwa 1899 kilitoka kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, nakala 600, zikachukua miaka minane kuuzika. Baadaye jina lake lilienea duniani kote. Mengi aliyoyafundisha kuhusu nafsi yamebishaniwa na mengine yamekataliwa, na mimi si mtu wa kuamua. Kazi yake juu ya watoto ilisahauliwa kiasi kwamba kile kitabu cha 1897 kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1968 tu.

Alizaa watoto sita. Binti yake Sophie alifariki kwa homa ya mafua mwaka 1920. Mwaka 1923 alipatikana na saratani ya taya, akapasuliwa zaidi ya mara thelathini katika miaka iliyobaki, akila na kuongea kwa kipande cha bandia kilichomuumiza mdomoni. Aliendelea kuona wagonjwa. Mwaka 1933 Wanazi walichoma vitabu vyake Berlin, lakini yeye hakutaka kuondoka Vienna.

Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria. Nyumba yake, namba 19 mtaa wa Berggasse, ilipekuliwa. Binti yake mdogo, Anna, alichukuliwa na polisi wa siri akahojiwa siku nzima. Hapo mzee alikubali kukimbia, na alipoondoka alikuwa na miaka 82. Lakini kukimbia kulikuwa na bei. Wanazi walitoza kodi ya kuondoka, robo ya mali ya mtu, na kwake ilifika zaidi ya Reichsmark 31,000. Marie Bonaparte, binti wa ukoo wa Napoleon aliyekuwa mwanafunzi wake, alisaidia kulipa. Ilimbidi pia asaini karatasi ya kuthibitisha kwamba alitendewa vema. Alisaini.

Tarehe 4 Juni 1938 alipanda treni pamoja na mkewe, Anna, mtumishi wao, daktari kijana na mbwa wake. Usiku wakavuka mto Rhine kuingia Ufaransa, na tarehe 6 walikuwa London. Mbwa alizuiliwa karantini miezi sita kwa sheria ya Uingereza, na mzee alikwenda kumtembelea. Dada zake wanne wazee walibaki Vienna. Juhudi za kuwatafutia vibali zilishindikana, na wote wanne walikufa katika kambi za Wanazi. Yeye hakuishi kuyajua hayo. Alifariki London tarehe 23 Septemba 1939.

Nilimsimulia mama habari hizi zote jioni moja, yeye akichambua maharage. Nilianza na pengo langu la ubongo, nikaja kwa Little, nikaja kwa Freud na hoja yake ya uzazi. Nilimwambia kwamba haikuwa kusukuma. Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akasema amesikia.

Nikaendelea hadi mwisho, treni na kodi na mbwa. Alipofika pale pa akina dada, mikono yake ilisimama. Aliniuliza kama mzee yule aliwaaga.